Jinsi ya Kuandika na Kufuatilia Malalamiko ya Uzembe wa Matibabu Mpaka Yajibiwe

Barua nyingi za malalamiko ninazoletewa zina kasoro ileile: zimejaa uchungu lakini hazina saa. Zinasema "walitutelekeza usiku kucha", lakini hazisemi ulikuwa usiku wa tarehe ngapi, nani alikuwa zamu, wala mgonjwa alionwa mara ya mwisho saa ngapi. Zikifika mbele zinarudishwa ziongezewe maelezo. Familia inaona imedharauliwa, inakata tamaa, na jambo la kweli kabisa linafia hapo.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria na mabaraza yake. Ila hatua ya 1 mpaka ya 5 zinakufaa popote ulipo, ukiacha sheria na ofisi zinazotajwa humo.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Tafuta daftari jipya, lile lililoshonwa katikati. La kuchana kurasa halifai, kwa sababu ukurasa uliochomoka huzua maswali.

Kusanya simu za ndugu wote waliokuwa hospitalini, hata ya kitochi. Usifute ujumbe wowote.

Weka pamoja karatasi zote mlizopewa: kadi ya kliniki, risiti, vyeti vya dawa, majibu ya vipimo, picha za eksirei, barua ya rufaa, karatasi ya kuruhusiwa, na nakala ya fomu ya bima kama alitibiwa kwa bima. Usidharau kikaratasi kilichokunjwa mfukoni.

Andaa nakala ya kitambulisho cha mgonjwa na cha anayelalamika, pamoja na akiba ya fotokopi na nauli.

Mwisho, chagueni mtu mmoja wa kusimamia. Shangazi akienda Jumatatu na mjomba Jumatano, kila mmoja na maelezo yake, hospitali itakuwa na matoleo mawili ya habari yenu, nanyi hamtakuwa na hata moja.

## Hatua ya 1: Mgonjwa kwanza, karatasi baadaye

Kama mgonjwa bado yuko wodini na hali si nzuri, usianze kwa kulalamika. Nenda kwa muuguzi mfawidhi wa wodi hiyo, kisha kwa Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, na uombe mambo mawili: daktari mwingine amwangalie, au mpewe barua ya rufaa. Omba kwa upole ila usiondoke bila jibu. Barua ya rufaa itamsaidia mgonjwa, na pia itabaki kuwa ushahidi wa hali aliyokuwa nayo siku anatoka.

Kama mgonjwa amefariki, kuna uamuzi mmoja usiosubiri: uchunguzi wa maiti. Ukishazika, kufukua kunahitaji amri ya vyombo vya sheria, na majibu yanaweza yasiwe na nguvu ileile. Najua uzito wa jambo hili. Kwa Waislamu hasa, maiti haicheleweshwi, na hakuna mtu anayetaka kumwona mama yake akipasuliwa tena. Sitakuambia uchague lipi. Ninachoomba ni kwamba wakubwa wa familia wakae, hata kwa nusu saa, waamue wakijua maana yake: bila uchunguzi huo, swali la "nini kilimuua" litajibiwa na hospitali peke yake. Mkiamua ufanyike na mnashuku uzembe, toeni taarifa polisi kabla ya kuchukua mwili, na ombeni ripoti kwa maandishi.

Utajua umefanikiwa pale mgonjwa anapokuwa mikononi mwa mtu unayemwamini, au pale uamuzi wa uchunguzi unapofanywa na familia yenyewe, haukuachwa upite tu.

## Hatua ya 2: Andika saa, ndani ya siku 3

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo soma taratibu.

Kila aliyekuwepo aandike alichokiona yeye mwenyewe, peke yake, kabla hamjakaa kuhadithiana. Mkihadithiana kwanza, kumbukumbu zinaungana, na jambo aliloliona mmoja linageuka kuwa la wote. Kila mstari uwe na tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, na nini kilisemwa au kilifanyika. Maneno ya mhudumu yaandike kama yalivyotoka mdomoni mwake. Kama hukumjua jina, andika alivyovaa, wodi, na zamu.

Sasa jambo la saa. Sisi tunahesabu saa za Kiswahili, lakini jalada la hospitali limeandikwa kwa saa 24. Tofauti ni saa 6, na tofauti hiyo imeua malalamiko mengi kuliko mawakili wote.

Mwaka 2019 wifi yangu alijifungua katika hospitali ambayo sitaitaja. Mtoto alitoka amechoka, halii. Mama mkwe wake alikuwa ameandika nyuma ya kadi ya kliniki, kwa kalamu ya bluu iliyokuwa ikikatika wino: "daktari kaja saa 11". Mimi, kwa haraka zangu, nikachapa kwenye barua "daktari alifika saa 11:00". Jibu la hospitali lilikuwa fupi: saa 11:00 mgonjwa alikuwa tayari ametoka chumba cha upasuaji, kwa hiyo maelezo ya mlalamikaji yanajipinga. Mama alimaanisha saa 11 alfajiri, yaani 05:00. Alikuwa sahihi, mimi nikamfanya aonekane mwongo. Jambo hilo bado linaniuma.

Tangu hapo naandika saa mbili pembeni kwa pembeni, hivi:

*Saa 11:00 alfajiri (05:00), tarehe 14: daktari wa zamu afika wodini kwa mara ya kwanza.*

Kama hukumbuki saa, usibuni. Andika "kati ya adhana ya Alfajiri na kupambazuka" au "baada ya taarifa ya habari ya saa 2 usiku". Alama kama hizo zinaaminika kuliko saa kamili iliyotungwa.

Kisha funga saa hizo kwa ushahidi wa simu. Kaka yangu alitumwa nje usiku kununua glavu na dripu, akalipa kwa simu. Ujumbe wa muamala ulikuwa umeandika 02:14. Mstari huo mmoja ulithibitisha kwamba saa 8 na robo usiku tulikuwa bado tunatafuta vifaa, wakati jalada lilidai huduma ilikuwa ikiendelea bila tatizo. Tazama pia orodha ya simu zilizopigwa, ujumbe wa kuomba damu kwenye kundi la familia, na tarehe zilizomo ndani ya picha.

Angalizo: usirekodi kwa siri wala kupiga picha wodini. Kwenye kitanda cha pili kuna mgonjwa mwenye siri yake. Na usiitundike habari mtandaoni kwa kumtaja nesi kwa jina. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na kuna madai ya kashfa. Unaweza kujikuta mlalamikaji umegeuka mshtakiwa.

Utajua umefanikiwa ukiweza kumpa daftari mtu asiyewajua, naye akakueleza kilichotokea kuanzia mlangoni mpaka mwisho bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 3: Omba kumbukumbu za matibabu kwa barua

Jalada ni mali ya hospitali, lakini taarifa zilizomo ni za mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kupata taarifa zake. Kwa taasisi za umma ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Huna haja ya kugombana dirishani. Barua inatosha:

*Kwa Mganga Mfawidhi,*
*YAH: OMBI LA NAKALA ZA KUMBUKUMBU ZA MATIBABU*
*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni (jina), mume wa mgonjwa (jina), mwenye jalada namba (…), aliyelazwa wodi (…) kuanzia tarehe (…) hadi (…). Naomba nakala za: maelezo ya kupokelewa, maelezo ya madaktari na wauguzi, chati ya dawa, majibu ya vipimo, fomu ya idhini ya upasuaji, ripoti ya upasuaji na ya usingizi, na muhtasari wa kuruhusiwa. Nimeambatisha ridhaa ya mgonjwa na nakala za vitambulisho.*

Kama ni uzazi, taja partogramu kwa jina lake. Ni chati ya kufuatilia uchungu. Mapigo ya moyo ya mtoto hutakiwa kupimwa kila nusu saa na kuchorwa nukta. Kwenye ile ya wifi yangu nukta ziliishia 22:30, zikaanza tena 03:00. Katikati palikuwa peupe. Hakuna mtu aliyehitaji kutueleza maana ya weupe ule.

Peleka nakala mbili masjala, ofisi inayopokea barua. Moja inabaki, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Barua isiyo na muhuri ni sawa na ambayo hukupeleka.

Angalizo: usiondoke na jalada halisi, hata nesi mwenye huruma akikupa mkononi. Litahesabika limeibwa, na kila kitakachokutwa humo kitatiliwa shaka. Na usimlipe mtu pesa ya "kulitafuta faili". Ukiombwa, hilo ni suala la TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, bure.

Wakikuambia jalada limepotea, waombe waandike hivyo. Kisha kumbuka kwamba maisha ya mgonjwa hospitalini yameandikwa sehemu zaidi ya moja: rejesta za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) za wodi na za wazazi, daftari la chumba cha upasuaji, kitabu cha maabara, na madai yaliyopelekwa kwenye bima. Ziombe hizo kwa majina.

## Hatua ya 4: Pima kama ni uzembe, madhara ya kawaida, au upungufu

Si kila kifo ni uzembe, na si kila kidonda kilichooza ni kosa la daktari. Upasuaji uliofanywa vizuri kabisa unaweza kuleta maambukizi. Dawa sahihi inaweza kumdhuru mtu ambaye mwili wake unaikataa. Na kuna vituo ambavyo damu haipo, siyo kwamba mtu kazembea.

Swali la kujiuliza ni hili: mtaalamu mwingine wa ngazi hiyohiyo, mahali hapohapo, mwenye vifaa hivyohivyo, angefanya walivyofanya? Kisha ongeza la pili: kama wangefanya inavyotakiwa, mgonjwa asingepata madhara haya? Majibu yakiwa "hapana, asingefanya hivyo" na "ndiyo, angepona au angepata nafuu", una hoja.

Huwezi kujijibu peke yako. Peleka nakala kwa daktari wa hospitali nyingine, asiye rafiki wa wahusika, mwombe akuonyeshe hatua iliyorukwa. Usimwulize "nani mwenye kosa"; wengi watanyamaza. Ukiuliza ni kitu gani kilipaswa kufanyika saa ile na hakikufanyika, watakujibu.

Nasisitiza neno hatua kwa sababu ndiko makosa makubwa yalikojificha. Novemba 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Februari 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kule Nairobi, mgonjwa alifunguliwa fuvu kutafuta damu iliyoganda ambayo haikuwa yake bali ya mwenzake. Mikono ya wapasuaji ilijua kazi. Kilichokosekana ni mtu wa kusoma utambulisho wa mgonjwa na kuhakikisha ndiye. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ina vipengele 19, na cha kwanza kabisa, kabla ya dawa ya usingizi, ni kuhakikisha mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, upande gani, na amekubali. Kama ndugu yako alipasuliwa, uliza kama orodha hiyo ilijazwa na nani alisaini.

## Hatua ya 5: Andika malalamiko, kurasa mbili

Aya ya kwanza: wewe ni nani, mgonjwa ni nani, hospitali gani, tarehe zipi, namba ya jalada.

Kisha mfululizo wa matukio, ukiwa na namba, saa mbili kwa kila tukio, na kiambatisho kinacholithibitisha: "tazama kiambatisho C, ujumbe wa muamala."

Kisha hatua zilizorukwa. Tatu zenye ushahidi zinashinda kumi na mbili za kudhania.

Kisha madhara: mgonjwa alikuwaje kabla, yukoje sasa, gharama kiasi gani.

Mwisho unachotaka. Hapa watu wananyamaza, na ni kosa. Sema wazi: nataka maelezo ya maandishi, nataka uchunguzi wa mtaalamu aliyehusika, nataka matibabu ya marekebisho, nataka utaratibu wa wodi ile ubadilishwe.

Ondoa maneno kama "wauaji", "wamelewa", "walimfanyia makusudi", isipokuwa una ushahidi wake. Najua yanavyowasha kifuani. Yaandike nyuma ya daftari lako, yatoke, lakini kwenye barua yatampa msomaji sababu ya kukuona umepandwa na hasira tu.

## Hatua ya 6: Ipeleke panapohusika

Anza na hospitali yenyewe, kwa Mganga Mfawidhi, ukiweka tarehe unayotarajia jibu. Siku 14 ni muda wa heshima. Usitumie sanduku la maoni, kwa sababu halina muhuri. Kwa zahanati, kituo cha afya au hospitali ya halmashauri, nakala iende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na ikikwama, kwa Mganga Mkuu wa Mkoa.

Jibu lisipokuja au lisiporidhisha, nenda kwenye baraza la taaluma ya aliyekosea. Kumlalamikia muuguzi kwenye baraza la madaktari ni kupoteza miezi.

- Daktari, daktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi: Baraza la Madaktari Tanganyika.
- Muuguzi au mkunga: Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania.
- Mfamasia au duka la dawa: Baraza la Famasi.
- Dawa au kifaa tiba chenye kasoro: TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.
- Maabara binafsi yenyewe: Bodi ya Maabara Binafsi za Afya.

Kama daktari na muuguzi wote wanahusika, andika barua mbili, kila moja ikihusu kazi ya mtu wake.

Elewa mapema baraza linaweza nini. Linaweza kumwonya mtaalamu, kumsimamisha, hata kumfuta kwenye daftari lake. Fidia haitoki huko. Nimeona watu wakisubiri miaka wakidhani baraza litawalipa, huku muda wa mahakama ukiyoyoma.

Utajua umefanikiwa ukiwa na barua ya kupokelewa yenye namba ya kumbukumbu. Kuanzia siku hiyo kila ufuatiliaji utaje namba hiyo, na kila simu utakayopiga iandike daftarini: tarehe, nani alipokea, alisema nini.

## Hatua ya 7: Kama unataka fidia, hesabu siku

Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3 tangu tukio. Mtoto mchanga sheria inampa nafuu ya muda, ila usiitegemee. Mashahidi husahau na manesi huhamishwa vituo.

Kama hospitali ni ya serikali, ikiwemo ya halmashauri, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki, na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ukikimbilia mahakamani bila notisi, shauri litaondolewa kabla hata halijasikilizwa. Hospitali binafsi haina notisi hiyo. Kama mgonjwa amefariki, anayedai kwa niaba ya mirathi awe na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na barua hiyo nayo huchukua muda, kwa hiyo anza mapema.

Hatua hii usiifanye bila wakili. Kama uwezo haupo, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na yapo mashirika kama TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Nenda na daftari lako na viambatisho. Wakili anayepokea jalada lililopangwa anaanza kazi siku hiyohiyo.

Angalizo: njiani unaweza kuitwa pembeni ukapewa "kifuta machozi". Kupokea si dhambi. Dhambi ni kusaini karatasi usiyoisoma. Mara nyingi mstari wa mwisho unasema umeridhika na hutadai tena. Iombe uende nayo nyumbani, umwonyeshe mtu anayejua sheria.

## Hatua ya 8: Siku ya kuitwa

Ukiitwa na kamati ya hospitali au baraza, nenda na nakala, na halisi ziache mahali salama. Nenda na mtu mmoja wa kukushika mkono. Yeyote aliyeona jambo kwa macho yake aseme yeye. Mama mkwe asimwachie msomi wa familia amsemee.

Utaulizwa maswali ya kuchosha, mengine yakirudiwa kwa namna nyingine. Jibu ulichoulizwa, kisha nyamaza. Kama hukumbuki, sema "sikumbuki". Kama hukuwepo, sema "sikuwepo, aliyekuwepo ni fulani". Ukitajiwa saa, uliza: "Ni saa ya Kiswahili au ya jalada?" Ukihitaji kulia, omba dakika tano utoke. Sijaona wakikataa.

Kabla ya kuondoka waulize mambo matatu, na uyaandike mbele yao: hatua inayofuata ni ipi, itachukua muda gani, na nani nitamwandikia kama muda huo umepita.

Wifi yangu aliyauliza hayo matatu. Jibu lilimfikia likiwa na kurasa nne, na kwenye ukurasa wa tatu walikiri kwamba kati ya 22:30 na 03:00 mapigo ya moyo ya mtoto hayakupimwa.